Semina ya kuchunguza milipuko ya sumu hapa Mbeya: nendeni, ila mjue mnaenda kukuta nini

Watumishi wenzangu wa afya, hasa nyie wa halmashauri za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kama barua ya semina ya kuchunguza milipuko ya sumu imefika kwa DMO, yaani mganga mkuu wa wilaya, na jina lako limo halafu unawaza uende au umsukumie mwenzako, mi nakwambia nenda. Nimetoka huko juzi juzi, karibu wiki nzima tumekaa ukumbini hapa Mbeya mjini, na nitasema yote, mazuri na mabovu. Waandaaji siwataji, sitaki maneno na mtu, wanaowajua wanawajua.

Tuanze na semina yenyewe ni ya nini. Sisi wote tumefundwa kipindupindu, surua, kimeta, na tangu Marburg ya Kagera 2023 kila mtu anajua kuvaa gauni na kulivua bila kujigusa. Wakitapika watu kumi kijijini unajua cha kufanya, klorini, ORS, chukua choo peleka maabara, funga kwa mama ntilie. Sasa hawa wanakuuliza, na kama hakuna mdudu? Choo kimerudi hasi, malaria hasi, homa hakuna, na watu bado wanaanguka. Hapo ndo wengi wetu tunakwama, na sisi tukikwama jibu linatoka kwa watu wengine, mganga wa kienyeji anasema lake, mchungaji anasema lake, na huku kwetu mnajua wenyewe, kabla hujamaliza kuandika ripoti ya kwanza tayari kuna bibi wa watu nyumba yake imechomwa moto.

Mfano wa kwanza waliotupa ni wa hapa hapa nchini. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu wakaanza kuumwa, macho manjano, tumbo linavimba, wanatapika, unakuta nyumba moja wanaumwa kadhaa, na mwanzoni ukaitwa tu ugonjwa usiojulikana. Hesabu inafungwa ni wagonjwa 68 na waliokufa 20. Ilikuwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, kwenye mahindi. Na Kenya walishapitia hayo hayo 2004, kule Makueni na Kitui, wagonjwa 317 vifo 125, mahindi ya kwao wenyewe waliyovuna na kuyaweka ndani yakiwa na unyevu. Mwezeshaji alivomaliza hizo namba akatugeukia, nyie wa Mbozi, Ileje, Iringa, mnaosema mnailisha nchi, nani hapa amewahi kumuuliza mgonjwa wa manjano mahindi yake anayatunza wapi? Ukumbi kimya. Tunauliza pombe, tunapima homa ya ini, basi, tunaandika rufaa.

Wakaenda Msumbiji, mji unaitwa Chitima mkoa wa Tete, Januari 2015. Watu wametoka msibani wamekunywa pombe ya kienyeji, wakafa 75, na mama aliyeipika naye akafa. Hii stori ilivoanza tu nusu ya ukumbi walishajua jibu, nyongo ya mamba hiyo! Na kule nako walisema hivo hivo, kwamba kuna mtu katia nyongo ya mamba kwenye pipa. Maabara zilipokuja kumaliza kazi yake zikakuta ni asidi ya bongkreki, sumu inayotengenezwa na bakteria walioota kwenye unga wa mahindi ulioharibika, hakuna mamba hakuna mchawi. Mzee mmoja kutoka Iringa akasema basi mi ulanzi wangu uko salama, hauna unga, mwezeshaji akamwambia mzee wangu sijasema hivo. Tulicheka sana ila ukikaa ukafikiria, komoni na kimpumu ndo pombe zetu za msibani, na unga uliolowa na kuvunda ndo ule ule mtu anaambiwa usitupe huo utafaa kwa pombe. Mi hilo sikuwahi kuliweka kwenye ukaguzi wa vilabu, tulikuwa tunaangalia choo na vikombe.

Angola 2007 walipita haraka lakini niseme kidogo maana ni tamu. Cacuaco, pale karibu na Luanda, watu 467 wanasinzia hovyo, wanayumba, wanaongea kama walevi na hawajanywa kitu. Kumbe chumvi waliyokuwa wanatia kwenye mboga sio chumvi ya mezani, ni bromaidi ya viwandani. Kwa macho huwezi kutofautisha, nyeupe ni nyeupe.

Sasa kilichonifanya niandike hii riviu ni zoezi la bahasha. Mnakaa makundi, mnapewa kijiji cha kubuni, ukisoma unaona kabisa ni Mbarali tu wamebadilisha jina, kuna sherehe ya kipaimara, watu wamekula wali, maharage na kabichi ya kukaanga, kuanzia muda mfupi baada ya kula wanaanza kumiminika zahanati wanatapika na kuhara. Bahasha ya kwanza hiyo. Makundi mengi yakaandika kipindupindu, fungua kambi. Dada mmoja muuguzi kutoka Rungwe akanyanyua mkono, mwalimu, kipindupindu hakiwahi hivo, mtu ale saa mbili aanguke saa tatu? Na akauliza mboni za macho zikoje. Mwezeshaji akatabasamu akampa bahasha ya pili kabla ya wengine: homa hakuna, jasho jingi, mate yanatiririka, machozi, misuli ya mapaja inachezacheza yenyewe, na mboni zimesinyaa hata ukizima taa hazifunguki. Basi hapo kila aliyewahi kupokea mtu aliyekunywa dawa ya shambani alishajua anaangalia nini. Sumu za jamii ya oganofosfeti, zile za kupulizia nyanya na mpunga.

Ila kujua ni sumu gani ni nusu ya kazi, swali ni imeingilia wapi, na hapa ndo walitufundisha vizuri kweli kweli. Wagonjwa karibu wote walikula maharage. Kwa hiyo nusu ya ukumbi wakataka maharage yakamatwe yapelekwe maabara na mpishi ahojiwe. Mwezeshaji akasema haya, na ambao hawakuumwa walikula nini? Tukafungua orodha tena. Wasioumwa nao karibu wote walikula maharage! Kila mtu alikula maharage, ndo maana yanaonekana yana hatia. Kabichi ndo ilikuwa tofauti, waliokula wengi waliumwa, wasiokula wachache sana. Na wasiokula ni nani, ni watoto waliokataa mboga, wale wale mama zao waliwafokea mezani. Halafu bahasha ya mwisho, kuku wamekutwa wamekufa nyuma ya jiko pale mabaki ya kabichi yalipomwagwa, na mafuta ya kukaangia yalikuja na dumu dogo la kuazima ambalo zamani lilibeba dawa ya mimea. Yaani usipohoji wazima hupati kitu. Mi nimefanya kazi hii miaka, tunaandika wagonjwa tu, mzima nani anahangaika naye, na siku ile nikaelewa kwa nini ripoti zetu nyingi zinaishia na chanzo hakijabainika.

Na hilo la kuku wakalirudia sana, ukifika eneo la tukio uliza wanyama. Mbwa, kuku, mbuzi, hata samaki wa bwawani. Kipindupindu hakiui kuku.

Siku ya maabara kwangu ndo ilikuwa bora kuliko zote. Alikuja mama mmoja mtu mzima, wa maabara toka enzi, hana slaidi, ana beseni la vitu mezani. Akasema nyie mmezoea kutafuta mdudu, mdudu anaongezeka kwenye chupa, sumu haiongezeki, inapungua kila saa, kwa hiyo usipochukua leo kesho hamna. Akashika pamba ya spiriti akauliza hii ya nini. Ya kusafishia ngozi kabla ya kutoa damu. Akasema na kama unahisi gongo yenye methanoli, alkoholi ile yenye sumu, unasafisha na spiriti halafu unaenda kutafuta spiriti kwenye damu? Watu midomo wazi. Tumia sabuni na maji au kitu kisicho na alkoholi. Halafu mkojo, tunauchukulia poa wakati kwa sumu nyingi mkojo ndo dhahabu, uchukue mwingi na ugandishe. Damu ya kupima madini kama risasi au zebaki iingie kwenye kichupa chenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, kile cha kifuniko cha zambarau. Na kingine ambacho sijawahi kusikia popote, unapotuma sampo za kupima madini tuma na vichupa vitupu viwili vya boksi lile lile, havijafunguliwa, ili maabara ihakikishe madini hayakutoka kwenye kichupa chenyewe. Kitu kidogo hivo, na bila hicho mtu anaweza kukubishia majibu yote mpaka mahakamani. Fomu ya makabidhiano nayo, nani kachukua, saa ngapi, nani kapokea, saini, maana sumu mara nyingi huishia polisi. Huyu mama wangempa siku mbili.

Upande wa matibabu walipita kiasi, ni semina ya uchunguzi sio ya wodini, lakini daktari aliyekuja alisema mambo mawili ambayo kila zahanati ingeyabandika ukutani. La kwanza, kwa hizi sumu za dawa ya shambani, mvue mgonjwa nguo zote na umwoshe kwa sabuni na maji mengi huku umevaa glavu, la sivyo na wewe unaungana naye kitandani. La pili atropini, sindano ya kupambana na hizo oganofosfeti, unaanza na miligramu 1 mpaka 3 kwa mtu mzima, unasubiri dakika tano, mapafu bado yanakoroma kwa majimaji unadabo dozi, unaendelea kudabo mpaka kifua kikauke, hutishiki na mboni wala mapigo ya moyo kwenda mbio. Mganga mfawidhi mmoja akasema mimi kituoni nina ampuli nne. Hakuna aliyemjibu.

Haya sasa mabovu.

Zebaki. Jamani. Tuko Mbeya, Chunya iko hapo juu, Makongolosi na Matundasi watu wanasaga mawe kwenye makarasha usiku na mchana, wanachanganya zebaki kwa mikono mitupu kwenye beseni, halafu lile donge wanalichoma kwenye moto ili zebaki iruke dhahabu ibaki, wengine wanachomea jikoni ambapo mama anapika na mtoto amelala. Ule mvuke hauonekani na hauna harufu. Mtu anatetemeka mikono, fizi zinauma, usingizi hamna, hasira za ajabu, figo zinachoka, na sisi tunaandika vidonda vya tumbo au msongo wa mawazo. Wenye semina wakaipa hii mada robo ya mchana, tena baada ya chai wakati watu wanaangalia saa. Mshiriki kutoka Chunya aliuliza anapimaje, akajibiwa mkojo ndo unaonyesha ule mvuke na nywele au damu ndo kwa zebaki ya kwenye samaki, jibu zuri kabisa, akauliza na wa kwangu kijijini naanzia wapi, hapo tukaambiwa tutarudi kwenye hilo. Hatukurudi.

Na ingekuwa rahisi tu kuunganisha na Zamfara, maana waliisimulia vizuri. Kaskazini mwa Nigeria, 2010, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi, kwa sababu mawe ya dhahabu ya kule yana risasi nyingi na watu walikuwa wanayasagia majumbani, mpaka kwenye mashine za kusagia nafaka. Watoto walikuja na degedege na watu walidhani malaria. Sa hapo si ndo pa kusimama useme, mtoto wa Chunya ana degedege, kipimo cha malaria hasi, swali lako la kwanza ni baba anafanya kazi gani na anaifanyia wapi? Mi nimelibeba hilo swali mwenyewe, hawakulisema.

Kitu kingine lugha. Slaidi zote Kiingereza, tena kile cha vitabuni, halafu wanaoelezea wanaongea Kiswahili, unajikuta macho yanasoma kingine masikio yanasikia kingine. Pale ukumbini kulikuwa na maafisa afya wa kata, wahudumu wa maabara, watu wanaoijua kazi yao vizuri sana, ukiwaletea uwiano wa hatari na vipimo vya uhakika kwa Kiingereza baada ya ugali wa mchana umewapoteza. Zoezi la bahasha lilifundisha hesabu ile ile kwa kabichi na kila mtu akaelewa! Halafu kesho yake wanaileta upya kwa fomula, kwa nini? Na programu ya Epi Info ya kuchambua takwimu za milipuko, ambayo ni ya bure na nzuri, tukaambiwa tuiweke kwenye laptop pale pale wakati intaneti ya ukumbi inasuasua na umeme ukakata, asubuhi nzima ikaisha tunaangalia kile kimstari kinajaa polepole. Wangetuletea kwenye flashi.

Kubwa zaidi kwangu ni hili la sampo kwenda wapi. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya, huna haja ya kuwaza Dar kwa kila kitu, na waandaaji hawakumwalika mtu wao hata wa nusu saa atuambie wanapokea nini, kwa kiasi gani, kwa fomu ipi, wanapima nini hapa na nini kinaenda mbele. Mambo ya viuatilifu nayo yana mamlaka yake makao makuu Arusha, chakula kiko TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, kwa hiyo siku ya tukio una simu tatu za kupiga na hujui uanze na ipi. Tulitengeneza mchoro wenyewe wakati wa chai, mimi na yule dada wa Rungwe na kijana mmoja wa mifugo, nyuma ya karatasi ya ratiba, nani anapigiwa kwanza kama ni chakula, kama ni mgodi, kama ni dawa ya shambani. Ule mchoro nautumia kuliko daftari lote la semina.

Mengine ya kawaida. Ukumbi baridi, ni Mbeya hii, mwezi wa sita bila sweta utaumwa wewe kabla ya mgonjwa. Chakula kizuri, wali wa Kyela na ndizi, sina neno. Kuanza saa mbili kamili ilikuwa ndoto, saa tatu na nusu ndo projekta inapata joto. Posho ilichelewa ila ilifika, tusiseme sana.

Kuna mwongozo wa WHO wa 2021 wa kuchunguza milipuko inayohisiwa ya kemikali, mafunzo mengi yameegemea humo, waombeni mapema mpewe kwenye simu msome kabla, maana wakikupa siku ya mwisho unaenda kuufungia kabatini.

Nani aende? Kama nafasi ni mbili au tatu kwa halmashauri, msitume wakubwa watupu. Tumeni afisa afya anayeshinda field, mtu wa maabara anayetoa damu kwa mkono wake, na kama inawezekana mtu wa mifugo, kwa sababu zile stori za kuku na mbwa yeye ndo huzipata wa kwanza, mkulima anamwita daktari wa mifugo kabla hajaja kwako. Yule kijana wa mifugo tuliyekuwa naye alikuja kwa bahati tu, jina lake liliingia kujaza idadi, na kwenye zoezi la bahasha yeye ndo aliuliza jalala liko wapi.

Nyota nimewapa nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa zebaki peke yake. Kwenye fomu ya maoni nimeandika awamu ijayo waipeleke Makongolosi, kule kule kwenye makarasha, wakanijibu usafiri ni shida, nikawajibu basi la Chunya linaondoka kila siku.